Walaji wa Tusekile

Mtoto wa tano naye hakuongeza hata gramu moja. Tusekile alimtoa kwenye mizani, akamfunga nepi, akamlaza mkekani na wenzake wanne, kisha akaandika kwenye kadi yake kilo sita na nusu, zilezile za mwezi uliopita na wa kabla yake. Watoto wote watano nywele zao zilikuwa zimefifia rangi, makalio yamebabuka, na hakuna aliyekuwa akilia. Kituo cha kulelea watoto kikiwa kimya namna hiyo saa tatu asubuhi, mlezi mwenye akili zake anaogopa. Tusekile alijua kwamba ilimpasa aogope. Alilijua hilo kama alivyojua tarehe ya siku ile.

Wa sita alikuwa Gwakisa. Huyo alipolazwa kwenye mizani aliipiga mateke hadi namba zikawa zinarukaruka, ikabidi Tusekile amshike kifua. Kilo tisa na ushee, umri miezi kumi na moja, mashavu yamejaa hadi macho yanatafuta pa kuonea.

"Huyu anakula nini wenzake wasichokula?" aliuliza Daktari Kisaka.

Kisaka alikuwa kijana wa Kipare, mgeni katika milima hii ya kusini, aliyetumwa Isumbi baada ya namba za kituo kile kuwaka nyekundu miezi mitatu mfululizo. Suruali yake ilikuwa bado na tope la safari. Aliongea na Tusekile kwa adabu, kwa kuwa mama yule alimzidi miaka kama kumi.

"Wanakula chungu kimoja," alisema Tusekile. "Ndizi, maharage, nyama ikipatikana. Nawatafunia mwenyewe."

Alisema kwa utulivu, maana halikuwa jambo la kuficha. Pale Isumbi mtoto asiye na meno ya kutosha hutafuniwa, na akina mama wanaoshinda bondeni wakiendesha mashine za kuchuma chai humchagua mlezi kwa kumtazama kinywa kwanza. Meno ya Tusekile yalisifiwa hadi kijiji cha pili. Lakini daktari aliiweka kalamu yake chini taratibu.

"Dada Tusekile. Si wewe uliyepewa walaji?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na unawatafunia."

"Ndiyo, daktari."

Kisaka alitoa kisoma-damu chake, kidude cha ukubwa wa kiberiti, akamtoboa mtoto wa kwanza kisigino, akasubiri, akasoma, akaenda kwa wa pili. Alipomaliza watano alikaa palepale mkekani, katikati yao. Gwakisa hakumtoboa. Kadi ya Gwakisa ilisema damu yake ilipimwa alipozaliwa ikakutwa safi, na mwenyewe alikuwa amekazana kuvuta kamba ya kiatu cha daktari.

"Huyu mzima, tusimwonee bure," alisema Kisaka.

Tusekile alikuwa na la kusema juu ya Gwakisa. Alikuwa nalo kwa miezi minane. Alikunja kadi za watoto, akazipanga kwenye kasha, na hakulisema.

*

Walaji waliingia tumboni mwa Tusekile akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, kwa kidonge kimoja alichokimeza na maji ya uvuguvugu. Kabla ya hapo alikuwa ameishi kwa mizani. Nyama, maziwa, maharage, chochote kinachojenga mwili kina protini, na kila protini ina ndani yake kitu kiitwacho fenilalanini. Watu wote wanaihitaji kidogo, na inayozidi hushughulikiwa na ini. Ini la Tusekile lilikuja duniani bila kimeng'enya cha kazi hiyo. Baba alimrithisha nusu ya kasoro na mama nusu, wala wao wenyewe hawakuwahi kuumwa. Inayozidi ikibaki damuni hupanda ubongoni, na ubongo wa mtoto ukilowa humo miaka miwili mitatu ya mwanzo, hakuna wa kuukausha. Kaka yake Asajile, aliyemtangulia, aliishi miaka kumi na tisa bila kutamka jina la mtu.

Mama yao alijifunza kwa Asajile. Tusekile alipozaliwa, nepi zake zikaanza kutoa harufu ileile ya panya, mama alishuka mjini kwa miguu na kurudi na mizani. Tangu siku hiyo binti alikula viazi vilivyopimwa, na unga wa kopo uliotengenezwa kiwandani kuwa na kila kilichomo kwenye nyama isipokuwa fenilalanini. Unga ule ulikuwa na ladha ya chokaa ya ukutani. Kwenye sherehe wenzake walipogawiwa nyama, yeye alipewa ndizi na pole.

Halafu wakaja walaji. Walikuwa vijidudu vilivyofundishwa maabara kuila fenilalanini kwenye utumbo kabla haijagusa damu, na walikaa njia nzima ya chakula, kuanzia kwenye fizi. Wiki ya pili baada ya kidonge Tusekile alikula mguu wa kuku, akala na mifupa, akala mpaka akaona aibu mbele ya mama yake. Waliowatengeneza walisema walaji hawahami. Wakiingia kwa mtu mwingine, walisema, watafukuzwa na vijidudu wenyeji wa tumbo lake. Walijaribu kwa watu wazima, na kwa watu wazima ilikuwa kweli. Hakuna aliyewaza tumbo la mtoto wa miezi mitatu, ambalo wenyeji wake ni wachache na hawajui hata kujitetea, wala hakuna aliyewaza mlezi anayetafuna.

"Walaji hawajui wako kwa nani," Kisaka alieleza, bado yuko mkekani. "Kwako wanakula inayozidi. Kwa hawa hakuna inayozidi, kwa hiyo wanakula ile mtoto anayoitaka akue. Unampa nyama, wao wanapokea."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Matone kumi mdomoni, walaji wanakufa ndani ya siku mbili. Ila wanywe wote. Hawa wanabadilishana kila kitu kwa mdomo, na akibaki mmoja nao, mwezi ujao tuko hapahapa." Akamgeukia. "Na wewe pia, dada. Samahani. Na walaji wapya hawatatolewa kwa mtu yeyote mpaka jambo hili lichunguzwe."

Kwa maneno hayo machache Tusekile alirudishwa kwenye mizani. Alisubiri moyo umpasuke, haukupasuka. Aliona tu kwamba mvua imeanza na nguo za watoto ziko nje.

Kisaka aliwaita akina mama kwa redio za mashine zao. Kutoka bondeni, mmoja baada ya mwingine, wote sita walisema sawa, watoto wapewe dawa ya tumbo. Kisha akapanga chupa saba ndogo mezani, akavaa koti la mvua, akaenda kukagua kituo cha mlima wa pili. Angerudi saa nane.

*

Watoto watano walipokea matone bila ubishi. Walifungua midomo kwa kuwa ni Tusekile, na kwa Tusekile midomo yao ilikuwa imezoea kufunguka.

Alipofika kwa Gwakisa, mkono ulisimama.

Kadi ya Gwakisa ilikuwa ya uongo, ingawa hakuna aliyekusudia uongo. Karatasi yenye tone la damu ya kisigino chake ililoa njiani wakati wa masika, na mashine ikaisoma hivyohivyo. Tusekile alijua kwa sababu ya nepi. Mtoto akiwa na miezi mitatu, alifungua nepi yake asubuhi moja na ikamjia harufu ya panya, harufu ya utoto wake mwenyewe na ya kitanda cha Asajile. Siku hiyohiyo alianza kumtafunia kwa makusudi. Wiki tatu baadaye harufu ilikuwa imekwisha.

Na kwa kuwa pale kituoni mtoto mmoja hapewi tonge wenzake wakiangalia, akawatafunia wote. Huo ndio ustaarabu wa Isumbi. Mama akisikia wa mwenzake amelishwa na wa kwake kaachwa anatoa macho, humchukua mtoto wake na salamu zinakatika. Hata mtoto wa miezi mitatu hulambishwa ndizi kidogo kwa ncha ya kidole, asijisikie mgeni. Tusekile alifuata adabu, na adabu ikawagawia watoto watano ugonjwa.

Sasa chupa ilikuwa mkononi mwake na hakuna aliyekuwa akimwona. Akimpa matone, walaji wa Gwakisa wanakufa, na unga wa kopo haujaonekana milimani tangu walaji waje, kwa sababu viwanda viliona hauna tena mnunuzi. Asipompa, akaimimina chupa kwenye sinki, mtoto huyu atakua na akili zake zote, na wenzake wataambukizwa upya na kunyauka. Watano kwa mmoja. Lakini ugonjwa wa watano unatibika ukionekana mapema, na wa mmoja hautibiki kamwe. Alizungusha hesabu hiyo huku na huku. Alijaribu kutafuta huruma ndani yake, au hofu, au hata aibu, kitu chochote cha kuegemeza upande mmoja. Hakukuta kitu. Alikuwa hivyo tangu mwaka jana. Mama yake alipofariki, miezi saba iliyopita, alipokea watu, akapika, akazika, akafua mashuka. Wanawake walimsifu kwa kupiga moyo konde. Yeye alijua kwamba hakuupiga konde moyo wake, aliukosa tu.

Mtu wa namna hii, aliwaza, hafai kuamua. Na mara ya kwanza aliamua peke yake, na matokeo yako mkekani.

Akaiweka chupa mezani, akaichukua redio, akamwita mama yake Gwakisa.

*

Atuganile alipanda kutoka bondeni na mabuti yake ya mpira, analowa, mimba ya miezi mitano ikimtangulia. Alimsalimia Tusekile, akambeba mwanawe, akakaa kwenye benchi kusikiliza. Tusekile alimwambia yote kwa mpangilio, kuanzia nepi.

"Miezi minane," alisema Atuganile.

"Minane."

"Kila asubuhi nakuja hapa. Unampokea, unaniuliza habari za chai."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

Tusekile alitafuta jibu la kweli. "Niliona nitakupa jina la ugonjwa bila dawa. Na dawa nilikuwa nayo mdomoni."

"Na watoto wa wenzangu?"

"Nilidhani walaji watawapitia tu. Nilikosea."

Atuganile alimkazia macho. "Unaongea kama unasoma tangazo," alisema. "Ungelia kidogo ningejua nikufanyeje."

Kisaka aliwakuta hivyo, mmoja anatetemeka, mwingine ametulia tuli. Tusekile alirudia maelezo yake. Daktari alimpima Gwakisa kwa haraka, akasoma damu, na pia vinasaba kutoka mate ya shavuni. Kisoma-damu kilichukua dakika sita. Kasoro ilikuwepo, nusu ya baba na nusu ya mama.

Kisha, labda kwa sababu ya uso wa Tusekile, akamtoboa naye kidole.

"Dada, uko chini mno. Chini kuliko hawa watoto. Walaji wako wamezaliana kupita kiasi. Unajisikiaje?"

"Sijisikii."

"Inawezekana kabisa," alisema Kisaka. Akageukia wote wawili. "Mwili unaitumia fenilalanini kutengeneza kemikali za ubongoni, zile zinazomfanya mtu atake kitu, afurahi, aumie. Ikizidi ni sumu. Ikipungua mno mtu anakuwa kama nyumba iliyokatiwa umeme. Ukinywa dawa, kiwango kitaanza kupanda. Siku ya tatu au ya nne utapita pale walipo watu wote. Utakaa hapo siku mbili hivi, halafu kitapitiliza, na utahitaji unga."

Atuganile hakuwa na muda na umeme wa mtu. "Mwanangu akibaki na walaji wake?"

"Atakuwa na afya. Ila asikae na mtoto mchanga. Sio hapa, sio nyumbani."

Atuganile aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya tumbo. Hakuhitaji mtu wa kumwambia maana ya jibu hilo.

"Na akinywa dawa?"

"Anahitaji unga kuanzia siku ya tano. Nimeshaomba. Wanasema wiki tisa."

"Wiki tisa kichwa chake kitakuwa wapi?"

"Mama aliacha makopo," alisema Tusekile.

Wote wawili walimgeukia. Alieleza kwamba marehemu hakuwaamini walaji hata siku moja. Binti alipoanza kula kuku, mama alikusanya makopo yote ya unga yaliyobaki, akayafunga mifuniko kwa plasta, akayaficha uvunguni mwa kitanda nyuma ya masufuria. Yalikuwa manane. Kwa mtoto wa miezi kumi na moja yangetosha wiki tisa, au kumi akibanwa. Yalikuwa yamepita tarehe kwa miezi mitano.

"Miezi mitano si kitu, nitaupima," alisema Kisaka. Kisha akaelewa. "Na wewe utakula nini?"

"Viazi."

"Bila unga utaharibikiwa. Mikono itatetemeka, kichwa kitajaa ukungu. Huenda usiweze hata kufanya kazi."

"Mimi kichwa changu kimeshakua," alisema Tusekile. "Chake bado."

Hakulisema kwa ushujaa. Ilikuwa hesabu, na safari hii ilitoka sawa. Atuganile aliichukua chupa kutoka mezani, akamlaza mwanawe mapajani, akahesabu matone kumi kwa sauti. Gwakisa alikunja uso, akameza. Kisha mama yake akachukua chupa ya saba, akamsogezea Tusekile.

"Na wewe kunywa, nikuone."

Tusekile alikunywa.

*

Asubuhi ya nne Atuganile alikuja jikoni kwa Tusekile kujifunza mizani. Alikuwa haongei naye zaidi ya lile la lazima. Mama wengine wanne walikuwa wamewahamishia watoto wao kituo cha mlima wa pili, na wa tano alimleta wake lakini alimpa Tusekile mgongo. Kabla ya kuhamishwa, watoto wenyewe walikuwa wameanza kulia kwa njaa, kelele zao zilisikika hadi njiani. Tusekile alipozisikia alihisi kitu kimemgusa kifuani upande mmoja, kikaondoka. Akadhani ni gesi.

Mizani ya marehemu ilikuwa ya zamani, ya sahani ya bati na mshale. Tusekile hakuwa ameigusa tangu msiba. Aliifuta vumbi, akaiweka mezani, akamwelekeza Atuganile: kiazi kichemshwe kwanza, kimenywe, ndipo kipimwe. Gramu arobaini, sio arobaini na moja. Usikadirie kwa jicho. Unga vijiko viwili vya kopo, umpe kwanza yeye akiwa na njaa, maana akishashiba kiazi hataupokea. Alikuwa akisikia maneno yakimtoka na mpangilio wake, na hata ukali wake, na alijua si yake.

Atuganile aliweka kiazi kwenye sahani. Mshale ulipita arobaini ukasimama kwenye arobaini na sita. Gwakisa, aliyekuwa amekaa sakafuni, alikiona kiazi akainua mikono yote miwili. Mama yake alikata kipande kidogo kwa kisu, akatazama mshale ukishuka, na kile kipande, badala ya kukirudisha sufuriani mtoto akakiona, akakitia mdomoni mwake mwenyewe haraka, huku amegeuka pembeni.

Hakuna aliyemfundisha hilo.

Tusekile aliona shavu la mwanamke yule likitafuna kwa siri, na akamwona mama yake. Mama aliyekuwa akimega kiazi cha ziada, kila mlo, miaka thelathini na miwili, akageuka dirishani na kukila mwenyewe ili binti yake asikione kikirudi. Mama aliyekufa miezi saba iliyopita, akazikwa na mtu aliyekuwa akiwaza mashuka. Ilimjia yote kwa pamoja: msiba, watoto watano wenye nywele zilizofifia, mgongo wa yule mama wa asubuhi, harufu ya nepi aliyoificha miezi minane. Aliegemea meza, mkono mmoja juu ya mizani, akainama, na sauti iliyomtoka ilimfanya Gwakisa anyamaze na kumtazama.

Alilia bila kujificha, kamasi na machozi, akimwita mama yake. Iliuma kuliko alivyokumbuka kwamba kitu kinaweza kuuma. Alijua ana siku mbili tu za kuumia namna hii kabla ukungu haujaingia, na hakutaka zipite.

Atuganile alisimama na kisu chake mkononi. Hakumsogelea, hakumwambia pole. Alisubiri kwa muda ambao mtu husubiri mwenzake amalize kufunga mzigo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, ya kwanza isiyo na ukali tangu siku ile ya mvua:

"Lia, dada. Ila toa mkono kwenye mizani. Unamzidishia mtoto."

Tusekile aliutoa mkono. Mshale ulirudi nyuma, ukatikisika kidogo, ukasimama kwenye arobaini.